Kesi Imefutwa, Jina Bado Limeandikwa

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome kwanza peke yake. Baadaye wanafunzi walisome kwa zamu, kila mtu fungu moja.)

Nawasalimu ninyi mlioketi darasani pamoja na mwalimu wenu, na ninyi mnaosikiliza nyumbani huku mkichambua mchele au mkishona nguo. Karibuni katika somo letu la kusoma karatasi za serikali. Juma lililopita tulisoma risiti ya ushuru wa soko. Leo twasoma karatasi ya mahakama.

Najua wengine mtasema, "Mimi sina haja na mahakama, sijachukua kitu cha mtu." Basi ngojeni kidogo. Karatasi ya leo si ya mwizi. Ni karatasi ya mtu aliyekamatwa, akashtakiwa kwa ajili ya bangi au dawa nyingine ya kulevya, kisha kesi yake ikafutwa. Mtu huyo hakufungwa. Hakutozwa faini. Hakimu alimwambia aende zake. Na hata hivyo, miaka mitano baadaye, alipokwenda kutafuta kazi, alikuta jina lake lingali limeandikwa katika kumbukumbu za polisi kana kwamba kesi ingali mbele ya hakimu.

(Mwalimu wa darasa: andika ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: KUKAMATWA. KUSHTAKIWA. KUTIWA HATIANI.)

Someni maneno hayo pamoja na mwalimu. Mtu amekamatwa pale askari anapomshika na kumpeleka kituoni. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema mtu huyo afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, na saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi afikishwe siku ya kazi inayofuata. Mtu ameshtakiwa pale anaposomewa shtaka mahakamani na kuulizwa, "Ni kweli au si kweli?" Mtu ametiwa hatiani pale tu mahakama inapoona kwamba kosa limethibitishwa, au yeye mwenyewe anapolikubali kosa.

Haya ni mambo matatu, wala si jambo moja. Kifungu cha 50 cha Katiba hiyo hiyo chasema kwamba kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kuwa anayo. Lakini huku mitaani kwetu mtu akionekana siku moja ndani ya gari la polisi, jirani humtia hatiani kabla jua halijatua. Hiyo ni shauri ya jirani. Sisi twashughulika na karatasi.

Sasa nitawaeleza habari za kijana mmoja. Ni mtoto wa dada yangu, na amenipa ruhusa niyaseme haya ila nisitaje jina lake. Mimi kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahakama huku Pwani, kwa hiyo nilidhani mambo haya nayajua. Kumbe nilikuwa nikiyajua kutoka upande mmoja tu wa meza.

Mwaka 2016 kijana huyu alikuwa utingo wa lori. Jioni moja alikuwa ameketi na wenzake wanne wakicheza bao karibu na stendi. Polisi wakafanya msako. Chini ya benchi wakaokota misokoto ya bangi. Nani aliiweka pale? Kila mtu alisema si yake, na wote watano wakapandishwa garini. Asubuhi yake wakasomewa shtaka la kupatikana na bangi, kwa Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994.

Hapo mmoja wao alifanya jambo ambalo watu wengi hulifanya. Alichoka, alikuwa na njaa, akawaza mke wake nyumbani. Akasema, "Ni kweli." Akatozwa faini, ndugu zake wakachanga, jioni alikuwa kwake. Wenzake wanne walisema, "Si kweli," wakalazimika kutafuta dhamana. Dada yangu aliuza mbuzi wawili, akakopa katika chama cha akina mama, akalipa dhamana ya shilingi 20,000. Yule aliyelipa faini aliwacheka. "Ninyi mtakwenda mahakamani mpaka viatu viishe," aliwaambia, "na mimi yangu imekwisha."

Yake haikuisha. Kumbukeni neno la tatu ubaoni. Aliyekubali kosa ametiwa hatiani, hata kama faini ilikuwa ndogo na hata kama ukweli ni kwamba hakuvuta bangi maisha yake yote. Kumbukumbu yake polisi ni sahihi kwa hesabu ya sheria, na njia tutakayoisoma leo haimsaidii. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewaona wengi sana wakisema "ni kweli" ili waende nyumbani tu.

Wale wanne walikwenda na kurudi. Katika kesi ya namna hii, mwendesha mashtaka hana budi kuthibitisha kwamba ule mmea ni bangi kweli, na kwa kawaida huleta ripoti ya Mkemia wa Serikali. Ripoti haikuletwa. Askari waliofanya msako walikuwa wamehamishwa. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwaka 2017 mwendesha mashtaka alisimama akaomba kuyaondoa mashtaka. Hakimu akakubali, akaandika, akasema, "Mnaweza kwenda."

Mpwa wangu aliniambia kwamba alitoka pale mbio kama mtoto aliyefunguliwa shule. Hakuuliza karatasi. Nani angeuliza?

Mwaka 2022 alikuwa amekwisha kupata leseni ya kuendesha magari makubwa, na kampuni moja ya mizigo ikamwambia, "Tutakuandika, lete cheti cha polisi." Cheti hiki ndicho ambacho vijana hukiita gudi kondakti. Kwa Kiswahili twaweza kukiita cheti cha tabia njema. Hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambayo wengi twaijua kwa herufi tatu, DCI. Mtu huomba kwa njia ya eCitizen, kwa simu au kwenye kompyuta, na mwaka ule ada ilikuwa shilingi 1,050. Kisha huenda kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi katika fomu iitwayo C24. Hivyo vidole ndivyo vinavyosema. Jina waweza kulibadili, lakini vidole havibadiliki, na kama viliwahi kuchukuliwa kituoni siku ya kushtakiwa, vitakutana na wenzao kule Nairobi.

Cheti kikatoka. Ndani yake paliandikwa shtaka la bangi la mwaka 2016. Mahali pa matokeo ya kesi hapakuwa na kitu.

Alikuja kwangu usiku. "Shikamoo mjomba," akasema, wala hakuketi. "Marahaba," nikamjibu, "mbona umesimama?" Akanipa ile karatasi. "Mjomba, mimi nilifutiwa kesi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukijua. Sasa hawa wananiandika kwa nini?"

Hilo ndilo swali la somo letu, na jibu lake ni jepesi, ingawa linaudhi. Mahakama ni ofisi moja na polisi ni ofisi nyingine. Siku ya kushtakiwa, alama za vidole huchukuliwa na kupelekwa kwenye kumbukumbu za polisi. Matokeo ya kesi yapasa kufuata baadaye. Lakini matokeo hayana miguu. Hutegemea mtu wa kuyaandika na mtu wa kuyapeleka, na kama mmoja wao alikuwa likizo, au alihamishwa, au alisahau tu, basi shtaka limefika na kufutwa kwake hakukufika. Hapana mtu aliyemchukia mpwa wangu. Karatasi moja haikusafiri, basi.

Kwa hiyo ni yeye mwenyewe aliyepaswa kuisafirisha.

Safari ya kwanza ni mahakamani, katika masijala, yaani chumba cha majalada. Hapo karani atakuuliza jambo moja: nambari ya kesi. Mpwa wangu hakuikumbuka. Jina peke yake halitoshi, maana majina yetu huku Pwani yanafanana, na katika mwaka mmoja waweza kuwakuta Ali Mohamed wengi tu. Tulikaa tukiwaza. Ndipo dada yangu akaenda chumbani, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia ambao huweka ndani yake kila karatasi iliyowahi kuingia nyumbani kwake, tangu kadi za kliniki za watoto. Wakati kesi ilipokuwa ikiendelea alikuwa hajui kusoma. Sasa anakwenda darasa la ngumbaro, mwaka wa pili. Akazitoa moja moja, akazisogeza karibu na taa, akasoma polepole kwa kidole. Akasema, "Hii hapa. Kesi ya jinai, nambari, na mwaka 2016." Ilikuwa risiti ya dhamana.

Andikeni katika madaftari: NAMBARI YA KESI. Huandikwa kwenye hati ya mashtaka, kwenye risiti ya dhamana, na kwenye risiti ya faini. Kwanza huja nambari, halafu mwaka. Kesi nyingi za miaka ya karibuni zina herufi E mbele ya nambari. Hiyo E ni sehemu ya nambari, msiiache.

Jalada lilipatikana mara ya tatu tulipokwenda. Mara ya kwanza tuliambiwa liko ghalani, mara ya pili aliyeshika ufunguo wa ghala hakuwapo. Tulipolipata tuliomba nakala iliyothibitishwa, maana yake nakala iliyopigwa mhuri wa mahakama na kutiwa sahihi ili ofisi nyingine iiamini. Nakala ya kawaida kutoka duka la fotokopi haitoshi. Nakala hulipiwa kwa hesabu ya kurasa, na kila malipo yana risiti. Akija mtu nje ya lango akisema, "Nipe mimi, nitakusaidia ndani," mwambieni ahsante, mpite. Wapo pia madalali wanaojidai kusafisha jina kule Nairobi kwa maelfu ya shilingi. Mpwa wangu aliombwa shilingi 15,000 na mmoja wao, na ilibaki kidogo tu alipe.

Sasa tumeishika karatasi. Tuisome.

Karatasi hii mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Msitishike. Nambari ni zile zile katika lugha zote, na hapa nambari ndizo zenye maana kubwa. Tafuteni neno "section" au herufi "s" pamoja na nambari. Nambari hiyo ni kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, na ndicho kinachosema uliachiliwa kwa namna gani. Maana kuna kuachiliwa na kuachiliwa.

(Mwalimu wa darasa: andika ubaoni: 87(a). 202. 210. 215.)

Mkiona 87(a), maana yake ni kwamba mwendesha mashtaka aliyaondoa mashtaka kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea. Mtu huachiliwa aende. Lakini mlango haukufungwa kwa kufuli. Sheria yasema kwamba kuachiliwa kwa namna hii hakuzuii kushtakiwa tena kwa jambo lile lile, ushahidi ukipatikana. Kama mashtaka yaliondolewa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, kifungu ni 87(b), na hapo mtu ameachiliwa huru kabisa. Tofauti ya herufi moja tu, ndugu zangu, a na b. Ndiyo maana nawaambia kila siku kwamba kusoma nusu ya neno si kusoma.

Mkiona 202, upande wa mashtaka haukufika siku ya kusikilizwa, na hakimu akamwachilia mshtakiwa huru. Mkiona 210, ushahidi ulitolewa lakini hakimu akaona hautoshi hata kumfanya mshtakiwa ajitetee. Mkiona 215, kesi ilisikilizwa pande zote mbili, na hapo someni neno linalofuata, kwa sababu kifungu hicho hicho hutumika kumtia mtu hatiani au kumwachilia.

Kuna nambari moja zaidi ya kuangalia. Ni 35, lakini hiyo ni ya sheria nyingine, Kanuni ya Adhabu. Hapo mahakama iliona kwamba kosa lilitendwa, ila ikaona haifai kumwadhibu mtu, ikamwachilia bila masharti, au kwa sharti kwamba asitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Wengi hutoka wakisema, "Nimeshinda kesi." Hawakushinda. Wamehurumiwa.

Karatasi ya mpwa wangu ilikuwa 87(a).

Safari ya pili ilikuwa Nairobi, makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu. Alipanda basi la usiku akiwa na kitambulisho, cheti kile chenye doa, nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi na ya amri ya hakimu, na barua. Barua tuliiandika pamoja mezani kwangu. Nimeibadili kidogo ili kila mtu aweze kuitumia. Mwalimu atawasomea imla, nanyi andikeni:

"Kwa Mkurugenzi, Idara ya Upelelezi wa Jinai, Nairobi.

KUH: KUREKEBISHWA KWA KUMBUKUMBU ZANGU.

Mimi (jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho), mwenye kitambulisho nambari (andika), nilishtakiwa katika mahakama ya (mahali) katika kesi ya jinai nambari (andika) ya mwaka (andika). Tarehe (andika) mahakama iliniachilia chini ya kifungu cha (andika). Sijapata kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Kumbukumbu zenu hazionyeshi matokeo hayo. Naomba zirekebishwe, na alama za vidole zilizochukuliwa kwa kesi hiyo zishughulikiwe kama sheria inavyoagiza. Naambatisha nakala iliyothibitishwa ya amri ya mahakama. Naomba mnigongee mhuri nakala yangu ya barua hii kuonyesha kwamba mmeipokea.

Wako mtiifu, (sahihi, jina, nambari ya simu, tarehe)."

Yale maneno "sijapata kutiwa hatiani" yaandike tu kama ni kweli. Na ule mhuri wa kupokelewa msiuone kuwa jambo dogo. Siku ya kuulizia, mwenye mhuri husikilizwa na asiye nao huambiwa aandike upya.

Barua imetaja kile ambacho sheria huagiza. Ni Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya mwaka 2011, kifungu cha 55. Chasema kwamba polisi wanaweza kuchukua picha na alama za vidole za mtu aliye mikononi mwao. Lakini asiposhtakiwa, au akiachiliwa na mahakama, na kama hajapata kutiwa hatiani hapo nyuma, kumbukumbu hizo ziharibiwe au akabidhiwe mwenyewe, kwa maelekezo ya hakimu. Maneno hayo ya mwisho yana kazi. Maelekezo ya hakimu yaweza kuombwa, na siku nzuri ya kuyaomba ni ile ile kesi inapofutwa, wakati ungali umesimama kizimbani na jalada liko wazi mbele yake. Semeni hivi: "Mheshimiwa, naomba mahakama ielekeze kwamba alama zangu za vidole zirudishwe au ziharibiwe, na naomba nakala iliyothibitishwa ya amri hii." Ni sentensi moja. Laiti mpwa wangu angeisema mwaka 2017, tusingalikuwa na somo hili. Mimi nilikaa miaka mingi chini ya meza ya hakimu nikiandika, na nawaambia kweli, ni wachache mno niliowasikia wakiiomba. Nami sikuwaambia. Karani hufundishwa kutoingilia.

Na ikiwa barua haijibiwi? Hapo zipo sheria mbili mpya za kukusaidia. Ya kwanza ni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Kwa sheria hii mwananchi aweza kuiomba ofisi ya umma imweleze imeandika nini juu yake, na kwa kawaida ofisi yapaswa kutoa uamuzi katika siku 21. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Tena sikilizeni hili, ninyi wa darasa la kwanza: kama mtu hajui kusoma na kuandika, sheria humtaka afisa wa ofisi ile amsaidie, aliandike ombi lake analolisema kwa mdomo, na ampe nakala. Kwa hiyo kutojua kuandika si sababu ya mtu yeyote kukufukuza mlangoni. Malalamiko juu ya sheria hii hupelekwa kwa ile tume ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsmani.

Ya pili ni Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Hii humpa mtu haki ya kutaka habari zake zisizo kamili, au zinazopotosha, zirekebishwe. Shtaka lililoandikwa bila matokeo yake, kwa maoni yangu, ni habari nusu inayopotosha kama uongo mzima. Malalamiko ya namna hii hupokelewa na ofisi ya Kamishna wa Data. Katiba nayo, kifungu cha 35, husema jambo hilo hilo kwa maneno machache. Na penye ugumu zaidi, tafuteni msaada wa wakili. Upo msaada wa kisheria wa serikali kwa wasio na uwezo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, na yapo mashirika ya wananchi kama Kituo cha Sheria, kilichoanza kazi mwaka 1973.

Wakati huo huo mtu anatafuta kazi, na fomu za kazi zina maswali. Hapa turudi kwenye maneno matatu ubaoni. Fomu ikiuliza, "Je, umepata kutiwa hatiani kwa kosa la jinai?" mtu aliyefutiwa kesi ataandika "Hapana," naye amesema kweli tupu. Fomu ikiuliza, "Je, umepata kushtakiwa?" hapo kuandika "Hapana" ni uongo, na uongo huo ndio utakaomwondoa kazini siku utakapojulikana, wala si bangi ya mwaka 2016. Aandike, "Ndiyo. Mashtaka yaliondolewa mwaka 2017," na aambatishe nakala. Someni swali mpaka neno la mwisho kabla ya kushika kalamu. Na kwa wale wanaokwenda kufanya kazi Saudia na nchi nyingine za Ghuba, ambako cheti hiki hutakiwa, anzeni kukitafuta mapema. Msingoje mpaka wakala aseme ndege ni Ijumaa.

Mtataka kujua ilikuwaje kwa kijana wetu. Alipofika Nairobi, afisa wa kwanza alimwambia kwamba 87(a) si kushinda kesi. Ni kweli, si kushinda. Lakini si kesi inayoendelea pia, na ule mstari mtupu ulikuwa ukisema inaendelea. Kijana akaeleza hivyo kwa adabu, akaonyesha amri ya hakimu, barua ikapokelewa na kugongwa mhuri. Alirudi Pwani akangoja. Aliulizia kwa simu, akaenda tena mara moja. Mwezi wa nne baada ya barua ile aliambiwa aombe cheti upya. Akalipa ada tena, akachukuliwa vidole tena, na safari hii kikatoka safi.

Kazi ya kampuni ile ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine zamani. Walimngojea mwezi mmoja tu. Alikaa karibu mwaka akifanya vibarua bandarini, na sasa anaendesha lori la mwenye magari mwingine kati ya Mombasa na Malaba. Cheti na ile nakala ya mahakama ameviweka ndani ya mfuko wa plastiki katika mkebe wa mama yake, yeye mwenyewe hazunguki navyo.

Wenzake watatu waliofutiwa pamoja naye bado hawajaenda. Mmoja anasema atakwenda akipata nauli.

Na ile risiti ya dhamana? Dada yangu alipoisoma usiku ule hakuona nambari ya kesi tu. Aliona pia shilingi 20,000, na jina lake mwenyewe kama mlipaji. Kesi ikiisha, dhamana ya pesa taslimu hurudishwa kwa aliyeilipa, naye hakuwa ameidai tangu mwaka 2017, maana hakuna aliyemwambia. Juma lijalo, saa ile ile, tutasoma barua ya kudai dhamana, na jinsi ya kuijaza. Kila mmoja atafute nyumbani kwake risiti yoyote ya mahakama, hata iliyofifia, aje nayo darasani. Kwaherini.